Barua ya wazi kwa wakubwa wa elimu na ustawi wa jamii: yule mtoto wa bweni hajazoea, amenyamaza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Elimu, Kamishna wa Elimu, Wakuu wetu wa Mikoa ya Iringa, Njombe na Mbeya, wathibiti ubora wa shule, na maafisa ustawi wa jamii wote wa nyanda za juu kusini

Kamwene. Shikamooni wakubwa zangu.

Mi naandika kutoka Mafinga. Nimekua matroni wa bweni la watoto wadogo miaka minne, shule siitaji maana nimekula mshahara wao na pia hili sio la shule moja. Baadae niliacha nikaenda kusoma ustawi wa jamii ngazi ya cheti, na huko ndo nilikosa usingizi, kwa sababu mwalimu anaandika ubaoni na mi nasoma vitu ambavyo nimevifanya kwa mikono yangu. Kwa hiyo barua hii nusu maombi nusu kuungama, mtanivumilia.

Kuna neno nimelisema kwenye simu sijui mara ngapi. Mzazi anapiga saa moja jioni, mara nyingi mama, yuko Dar kapeleka viazi au yuko zamu ya usiku, anauliza "matroni, mwanangu anaendeleaje?" na mi najibu "usiwe na wasiwasi mama, keshazoea." Na nilikua sidanganyi jamani, ndivyo nilivyokua naona. Mtoto wa miaka minne, mitano, akiletwa Januari siku za kwanza analia mpaka sauti inakauka, anang'ang'ania geti, kila gari likiingia anakimbilia akidhani ni la kwao. Wiki ya pili halii tena ila hali, anakaa pembeni anachezea kifungo cha sweta. Wiki ya tano anakula, anacheza, kila mtu mzima anamwita anti, na siku mama akija kumwona anamwangalia kama mgeni, anapokea biskuti anaondoka nazo. Mama analia kwenye gari, sisi huku tunapongezana. Na kulikua na sheria, naamini sehemu nyingi bado ipo, kwamba mwezi wa kwanza mzazi asije wala asiongee na mtoto kwenye simu, maana akisikia sauti ya mama kilio kinaanza upya.

Kumbe hizo hatua tatu zilishaandikwa zamani, kwa mpangilio uleule. Aliyeziona ni mzee mmoja anaitwa James Robertson, ambaye wakati wa vita kuu ya pili alikua mtu wa boila kwenye kituo cha kulea watoto huko London, kituo cha Anna Freud, mtaalamu wa saikolojia ya watoto, na pale kila mfanyakazi hata wa boila alitakiwa kuandika anachokiona kwa watoto. (Hili lilinigusa, sisi matroni tulikua tunaandika idadi ya ndoo na mashuka tu.) Baadae akafanya kazi na daktari John Bowlby, wakawa wanaangalia watoto waliolazwa hospitali. Enzi hizo Uingereza hospitali nyingi zilikua zinawazuia wazazi, unamwona mwanao kwa nadra sana, na manesi walikua na hoja ileile ya kwetu, mama akija mtoto anasumbua, asipokuja ametulia. Robertson akasema hapana, huyu kwanza anapinga, halafu anakata tamaa, halafu anajitenga, na nyie mnaona ile ya tatu mnasema amepona. Hakuna aliyemwelewa. Mwaka 1952 akaonyesha filamu aliyomrekodi mtoto wa miaka miwili aliyelazwa siku nane, madaktari wengi wakakasirika, wengine wakasema amewachafua. Ilichukua mpaka 1959 ndo ripoti ya serikali yao, inaitwa ripoti ya Platt, ikashauri wazazi waruhusiwe kuwaona watoto muda wowote. Sasa leo ukienda wodi ya watoto kwetu huku mama analala na mwanae kitanda kimoja, hakuna anayeshangaa. Ila vuka barabara ingia bwenini, sheria ya zamani ya hospitali za London ndo bado inatumika.

Kuna mtoto mmoja naomba niwaeleze vizuri. Alikua na miaka mitano kasoro, mama yake mfanyabiashara wa mbao, baba dereva wa malori anashinda Tunduma. Kwenye begi, chini kabisa, chini ya mashuka na soksi zilizoshonwa jina kwa uzi mwekundu, mama alimwekea kanga yake kuukuu, sio mpya, ile aliyokua anajifunga nyumbani akipika. Mtoto alikua anaikunja kona moja anaiweka puani ndo analala. Sasa mi mtu wa usafi. Jumamosi moja tunafua, nikaichukua nikailoweka na sabuni ya unga, nikaisugua, nikaianika kwenye waya, na si mnajua hali ya hewa ya Mufindi, ukungu na rasharasha, ikakauka Jumatatu. Nikampa imekunjwa vizuri. Akainusa. Akaigeuza upande wa pili akainusa tena. Nikasubiri alie, hakulia. Aliiweka juu ya kitanda cha mwenzie akatoka nje, na hakuigusa tena mpaka muhula unaisha. Wiki ileile mama yake alipiga nikamwambia kwa furaha kabisa, keshazoea huyu, siku hizi hata kanga haitaki.

Mnaweza kusema natia chumvi, mtoto katulia basi katulia. Mimi pia ningesema hivyo ila kuna watu wamepima. Wanachukua mtoto wa mwaka mmoja hivi, mama anatoka chumbani dakika chache anarudi, wanaangalia. Kuna watoto hawalii kabisa, mama akirudi hata hawageuki, wanaendelea na kidoli. Sroufe na Waters huko Marekani mwaka 1977 wakapima mapigo ya moyo ya watoto wa aina hiyo wakakuta yamepanda, sura imetulia moyo unakimbia. Halafu mwaka 1993 Ujerumani, Spangler na Grossmann wakapima mate, maana homoni ya msongo inaonekana kwenye mate, na wale wanaojifanya hawajali homoni yao ilikua imepanda kuliko ya wale wanaomkimbilia mama na kupokelewa. Sasa hapo mama katoka dakika chache. Sisi tulikua tunasema muhula mzima, wiki kumi na mbili.

Hoja nyingine ninayoambiwa kila nikianza haya mambo, tena na watu wasomi, ni kwamba mtoto mdogo hakumbuki bwana, akikua atasahau yote, wewe unakumbuka nini cha miaka minne? Na hapa lazima niwe mkweli, hoja ina ukweli nusu. Watu wazima wengi kumbukumbu yao ya kwanza ni ya miaka mitatu, mitatu na nusu hivi, kabla ya hapo ni giza, na hata ya miaka minne mitano inakua vipande vipande, maana ile sehemu ya ubongo inayotunza matukio, hipokampasi, bado inajijenga. Sawa. Ila kukumbuka sio kwa aina moja. Mwaka 1911 daktari wa Geneva, Édouard Claparède, aliandika habari za mama mmoja mgonjwa ambaye alikua hashiki jambo jipya, ukitoka ukarudi baada ya dakika chache anakusalimia kama hajawahi kukuona. Siku moja daktari akaficha pini mkononi akampa mkono, ikamchoma. Alipokuja tena yule mama hamjui kabisa, ila akinyooshewa mkono anaurudisha wa kwake. Anaulizwa kwa nini, hana jibu la kueleweka, anabahatisha tu kwamba labda watu huficha pini mkononi. Tukio limefutika, mkono umebaki nalo.

Yule mtoto wa kanga nilikutana na mama yake stendi ya Makambako miaka sita baadae, kijana yuko naye, mrefu, ananiamkia vizuri tu. Hanijui. Bweni halikumbuki, geti halikumbuki. Mama akaniambia huku anacheka, "huyu ana kituko kimoja, nikianza kupanga begi la safari anatoka nje anakaa kwenye ngazi mpaka niondoke, na haniagi, sijui kalitoa wapi." Mi nilicheka naye, nikapanda Coaster, nikafika Mafinga sijaongea na mtu.

Niwahi kusema mtoto mmoja sio utafiti, na kichwa cha matroni mwenye majuto kinaweza kuunganisha mambo yasiyohusiana. Najua hilo kwa sababu yangu mwenyewe. Mimi nikiwa na miaka sita niliachwa kwa shangazi Makete, na maisha yangu yote nimekua nakumbuka mama anaondoka kafunga kitambaa chekundu kichwani, anashuka kilima, anageuka mara moja. Dada yangu mkubwa mwaka juzi akanambia mama hajawahi kuwa na kitambaa chekundu, na siku ile aliondoka alfajiri mi nimelala. Yaani ile picha yote nimejitengenezea. Mwanasaikolojia Elizabeth Loftus na wenzake mwaka 1995 walitoa utafiti wa watu 24 ambao waliambiwa kwamba ndugu zao wamesimulia jinsi walivyopotea dukani wakiwa wadogo, kitu ambacho hakikutokea, na kama robo yao wakalikubali, wengine wakaongezea na maelezo yao wenyewe. Kwa hiyo wakubwa zangu msisubiri hawa watoto wakue ndo muwaulize bweni lilikua zuri au baya. Atakayesema sikumbuki kitu huyo hajathibitisha kwamba hakuumia, na atakayesimulia kilio kirefu anaweza akawa anasimulia kitambaa chekundu. Ushahidi uko leo, uko kitandani saa tatu usiku.

Tena kumbukumbu yenyewe inalelewa. Watafiti kama Robyn Fivush na Elaine Reese wamefuatilia kwa miaka namna wazazi wanavyoongea na watoto kuhusu jana na juzi, na wakaona mama anayeuliza na kuongezea, unakumbuka tulienda kwa bibi Kalenga, nani alikua anatukaribisha, yule mbuzi alikula nini, mtoto wake anakuja kuwa na kumbukumbu nyingi na zenye mpangilio kuliko mtoto wa mama asiyeongea. Huko New Zealand mwaka 2000 ilionekana Wamaori, watu wanaopenda sana kusimulia habari za ukoo, kumbukumbu yao ya kwanza inarudi nyuma mpaka kama miaka miwili na miezi minane kwa wastani. Sasa mi nilikua na watoto thelathini na nane. Nani nitamkumbusha habari za bibi yake, bibi mwenyewe simjui, na jana yake sikuiona maana jana alikua zamu mwenzangu.

Najua kuna mkubwa hapa ameshaanza kusema hayo ni mambo ya kizungu, sisi Waafrika mtoto ni wa ukoo mzima. Basi sikieni hii maana wengi hawaijui. Haya mambo yalipimwa kwanza kwetu, Afrika Mashariki. Mama mmoja anaitwa Mary Ainsworth alimfuata mume wake aliyepata kazi Kampala, na mwaka 1954 akaanza kuzunguka vijiji vya Waganda, familia 26, kila wiki mbili anakaa masaa mawili kwenye nyumba anaangalia mama na mtoto, kwa miezi kama tisa. Alikwenda akitaka kuona ile desturi ya kumpeleka mtoto mbali ili asahau ziwa, desturi ambayo hata bibi zetu huku wanaijua, akakuta wengi wameshaiacha. Alichokiona badala yake ni mtoto anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kumwangalia mama kama yupo, anaendelea, anarudi kumshika goti, anaenda tena. Mama ndo kituo, mtoto anatalii kwa sababu kituo hakihami. Ile ya chumba na kidoli niliyowaeleza juu ilikuja baadae, alipohamia Baltimore. Kwa hiyo kama ni mambo ya wazungu basi wazungu walijifunzia Buganda.

Na huko huko aliona mtoto anashikamana na zaidi ya mtu mmoja, baba, bibi, dada. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Utafiti wa Ukimwi wa 2016/17 ulikuta Njombe asilimia 11.4 ya watu wazima wana virusi na Iringa 11.3, na mnajua miaka ya kabla ya dawa tulizika watu wa rika gani na watoto walibaki na nani. Bibi zetu wamelea. Kwa hiyo sisemi lazima awe mama aliyemzaa. Nasema awe mtu, mmoja, wawili, watatu, ambao leo wapo na kesho wapo na wanajua huyu akinyamaza ana homa au ana hasira. Matroni watatu wa zamu wanaobadilishwa kila muhula sio ukoo, hata muwaiteje anti.

Sasa kilichonifanya nishike simu niandike. Machi 2023 serikali ilisema wazi, bweni lianze darasa la tano, chini ya hapo mtoto alale kwao. Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni. Lakini najua mahali ambapo vitanda vilitolewa bwenini vikavushwa ukuta kwenye nyumba ya pembeni, ikaitwa hosteli, matroni akaitwa mlezi, risiti ikaandikwa malezi badala ya bweni, na mkaguzi alipokuja saa nne asubuhi alikuta darasa safi, watoto wanaimba, akanywa soda akasaini akaondoka. Mkaguzi hana kosa, alikagua alichoonyeshwa. Kosa ni kwamba bweni linakaguliwa mchana. Naomba mje usiku. Na mkija msihesabu vitanda tu, ombeni daftari la kutembelewa muone mtoto wa mwisho kuonana na mzazi wake ilikua lini, na kama kuna ile sheria ya mwezi wa kwanza ifutwe hata kwa hawa wa darasa la tano, kwa maandishi, shule zote, simu ya mzazi ipokelewe na mtoto alie kama anataka kulia.

Ila msije mkafunga hosteli halafu mkaondoka. Yule mama wa mbao hakua mama mbaya. Alimleta kwa sababu dada wa kazi wa tatu aliondoka bila kuaga, na hili la dada wa kazi huku kwetu ni kichekesho cha kusikitisha, wasichana wa Iringa wanapanda basi kwenda Dar kulea watoto wa wengine, wa kwetu tunawapeleka bweni. Sheria inampa mwajiriwa siku 84 za uzazi, mia moja kama ni mapacha, baada ya hapo kila mtu na lwake, na wa biashara hana hata hizo. Mchuma chai anaingia shambani na ukungu, mtoto anabaki na kaka yake wa miaka minane. Mnayo programu yenu ya malezi, makuzi na maendeleo ya awali ya mtoto, ilizinduliwa Desemba 2021, ndani yake mmeandika vituo vya kulelea watoto mchana. Vileteni sokoni na mashambani, sio makao makuu ya halmashauri, na vifunguliwe saa kumi na mbili asubuhi maana kituo kinachofunguliwa saa mbili na nusu ni cha watumishi. Mlezi mmoja awe na watoto wachache walewale mwaka mzima, alipwe asikimbie. Nilikua nalipwa chini ya mpishi wa shule, nawaambia tu mjue nani mnamkabidhi.

Romania walipofanya utafiti kuanzia mwaka 2000 kwa watoto 136 wa vituo vya yatima, nusu wakapelekwa kwenye familia za kulea nusu wakabaki kwenye huduma za kawaida, waliopata familia kabla ya miaka miwili ndo walifaidika zaidi. Kituo cha Romania sio hosteli ya Mafinga, sifananishi, sisi tulikua na uji na upendo wa kutosha kiasi. Nataja kwa sababu hata waliochelewa kutolewa bado kuna vitu walipata nafuu, kwa hiyo msiseme hawa wa sasa imeshapita.

Kama mnakuja, njooni Juni au Julai, vaeni makoti. Fikeni kama saa tatu na robo, taa zimeshazimwa, msipige honi. Simameni mlangoni kimya kama dakika kumi. Hamtasikia kilio, nawaambia kabisa, hata mimi sikukisikia. Muulizeni mlezi wa zamu kila mtoto analala na nini, na kile kitu kilifuliwa lini.

Wenu,
aliyekua matroni, Mafinga